Shangazi, tununue gari la umeme sasa au tusubiri bajeti?

Shikamoo Shangazi,

Nyumbani kwetu siku hizi hakukaliki kwa sababu ya gari ambalo hata hatujalinunua. Gari letu la petroli limezeeka. Kila likitoka gereji linarudi na ugonjwa mpya, na fundi ameshatuambia waziwazi kwamba tunamlipa kulichelewesha tu kufa. Mimi na mume wangu tukakubaliana kwamba tukilibadilisha, tuchukue la umeme. Mpaka hapo tulikuwa kitu kimoja. Maneno yalianza tulipofika kwenye kodi.

Muuzaji alituandikia proforma, yaani hati ya bei kabla ya mauzo. Chini ya bei ya gari kuna mstari wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, umeandikwa sifuri. Chini yake kuna mstari wa ushuru, umepunguzwa, na pembeni pameandikwa "nafuu ya gari lisilotoa moshi". Halafu jumla, kwa herufi nene. Akasema nafuu hiyo inakwisha mwaka wa fedha ukiisha, kwa hiyo tutoe malipo ya awali haraka, gari lenyewe litafuata baadaye. Mimi ndiye ninayeshika hesabu za nyumba. Nikazipiga, nikaona tunaweza, nikataka tusaini.

Mume wangu hataki. Kuna mtu anayemwamini kazini kwake amemwambia kwamba bajeti ijayo itafuta na ule ushuru uliobaki. Anasema tukinunua leo kisha bei ishuke kabla hata hatujalizoea gari, hatajisamehe, na mimi pia hatanisamehe.

Kuna na shemeji yangu, kaka yake mume wangu. Yeye anaendesha gari la dizeli na hana haya na maoni yake. Anasema sote wawili tumepotea. Serikali haiwezi kukubali kupoteza kodi ya mafuta. Leo inatubembeleza tununue, kesho itatutoza kwa kila kilomita, na hapo tutalikumbuka gari letu bovu. Isitoshe, anasema tutakuwa tunapita bure kwenye barabara ambazo yeye anazilipia kila akijaza tangi. Neno hilo "bure" limemkaa mume wangu rohoni. Sasa haogopi hasara tu, anaona na aibu.

Shangazi, nani ana haki hapa? Tusaini, tusubiri, au tuendelee kulikarabati hili bovu? Na shemeji nimjibuje bila kuharibu undugu?

Mshika Hesabu

*

Marahaba mwanangu.

Hukusema uko nchi gani, nami sitabahatisha. Nitakueleza yanayomhusu mnunuzi popote alipo, na pale inapobidi tutachungulia kwa wenzetu waliotangulia, maana mtaala huu umeshafundishwa na mitihani imeshafanywa.

Nyinyi watatu hamgombani. Kila mmoja anazungumzia kodi yake. Wewe unazungumzia kodi ya kununua kama ilivyo leo. Mumeo anazungumzia kodi hiyohiyo ya kununua kama anavyotumaini itakuwa. Shemeji anazungumzia kodi ya kutumia. Hizi mbili, ya kununua na ya kutumia, hazina tabia moja, na zikichanganywa kwenye mazungumzo hakuna atakayemsikia mwenzake.

Kodi ya kununua ni ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT na ada ya usajili wa kwanza. Inakukuta mara moja. Ukishasamehewa na gari limeshasajiliwa kwa jina lako, kwa kawaida imekwisha; sheria ikibadilika mwaka wa tatu hakuna anayekugongea mlango kudai VAT ya nyuma. Kodi ya kutumia ni leseni ya kila mwaka, tozo iliyomo ndani ya kila lita ya mafuta, au tozo ya kilomita. Hiyo inalifuata gari maisha yake yote, na inaweza kuguswa kila bajeti inaposomwa. Kwa hiyo nafuu ya kununua ukishaipata ni yako. Nafuu ya kutumia umeazimwa.

Tuanze na shemeji, maana yeye ana haki zaidi ya mnavyopenda kukiri. Uingereza ilikaa miaka bila kuyatoza magari ya umeme kodi ya mwaka. Novemba 2022 serikali ikatangaza kwamba hilo linakwisha, na kuanzia Aprili 1, 2025 yakaanza kulipa: pauni 10 mwaka wa kwanza kwa gari jipya, kisha pauni 195 kwa mwaka kama wenzao wa petroli. Bajeti ya Novemba 2025 ikaongeza: kuanzia Aprili 2028 gari la umeme litalipa peni 3 kwa kila maili. Iceland ilianza Januari 2024, krona 6 kwa kilomita. New Zealand ilianza Aprili 2024, dola 76 za kwao kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo mtu anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka analipa dola 912. (Mwambie shemeji kwamba huko magari madogo ya dizeli nayo hulipa tozo hiyohiyo ya kilomita. Aseme kama bado anaipenda.) Marekani majimbo mengi yana ada ya ziada ya kila mwaka kwa gari la umeme; Texas ni dola 200.

Kwa hiyo usinunue gari hili ukiamini kwamba barabara itakuwa bure. Rudi kwenye hesabu zako, na safari hii uzifanye kwa ukali. Chukua kilomita mnazotembea kwa mwaka, uzisome kwenye dashibodi na risiti za gereji, usizikisie. Tafuta tozo ya barabara na ushuru vilivyomo ndani ya lita moja ya petroli. Gari lenu likinywa lita 8 kwa kilomita 100, basi kila kilomita 100 mnailipa serikali tozo ya lita 8. Kiasi hicho hicho kibandike kwenye gari la umeme, kana kwamba tozo ya kilomita imeshapitishwa jana. Ongeza leseni kamili ya mwaka. Ongeza bima, ambayo kwa gari la umeme mara nyingi iko juu, na wauzaji hupenda kuisahau. Halafu ndipo ulinganishe.

Mara nyingi gari la umeme bado litashinda kwa wenye kuchaji nyumbani. Sababu haina uhusiano na waziri wa fedha. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto, wakati mota ya umeme huifikisha sehemu kubwa ya nishati yake kwenye magurudumu. Hilo Bunge haliwezi kulifanyia marekebisho. Lakini nimesema wenye kuchaji nyumbani. Kama mtategemea vituo vya umma, hesabu inabadilika kabisa, na kodi nayo inaweza kuwa na mkono wake humo: Uingereza umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, umeme uleule kwenye kituo cha umma asilimia 20. Barua yako haikusema gari litalala wapi na litachaji wapi. Kwangu hilo ni kubwa kuliko bajeti.

Hesabu ikisimama bila nafuu ya kutumia, shemeji hana tena cha kuwatisha. Isiposimama, basi mlikuwa mnanunua nafuu, si gari, na afadhali mmejua sasa.

Kuhusu hilo neno "bure". Shemeji ana nusu ya ukweli. Nchi nyingi hutegemea tozo ya mafuta kujenga na kutengeneza barabara, na asiyenunua mafuta hachangii kwa njia hiyo. Ni haki siku moja alipe. Lakini mfuko huo haukutobolewa na magari ya umeme. Marekani tozo ya petroli ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni, na haijapandishwa tangu 1993. Bei za lami na vibarua zimepanda miaka yote hiyo, tozo imesimama palepale, na pengo lilikuwepo kabla magari ya umeme hayajafikia idadi ya kuhesabika. Akikurudia na hoja kwamba gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri na linaumiza barabara, ni kweli ni zito kuliko la petroli la ukubwa wake. Ila wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu hupanda kwa kasi kubwa mno kuliko uzito: ekseli yenye uzito mara mbili huumiza lami takribani mara 16. Kwa kipimo hicho gari lenu na lake yote mawili ni sisimizi; wanaovunja barabara ni malori. Mwambie kwa adabu kwamba tozo ya kilomita ikija mtalipa, na kwamba mmeshaitengea fungu. Na kweli mtenge. Kila mwezi toa kiasi hicho kwenye akiba ya mafuta mliyoiokoa, kiwekwe kando. Tozo ikichelewa kuja, mna pesa ya matairi, na matairi ya magari haya huisha upesi.

Sasa mumeo. Huyu usimchukulie kama mkaidi. Nikisoma maneno yake, sioni mtu anayeogopa kodi. Naona mtu anayeogopa kuwa yeye ndiye aliyekosea, na kwamba kosa litakaa uani akilitazama kila asubuhi. Hofu hiyo haiondoki kwa kumshinda kwenye hoja. Inapungua mkikubaliana kabla, wawili, kwamba uamuzi ni wa nyote, na kwamba bei ikishuka baadaye hakuna atakayemkumbusha mwenzake.

Lakini tuupime huo uvumi wake, maana unaweza kuwa na thamani. Kodi za kununua hupandana. Tuseme gari lina thamani ya 100 likifika bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unatozwa juu ya hiyo 125, inakuwa 137.5. VAT ya asilimia 20 inatozwa juu ya hiyo tena, unafika 165. Ukifuta ushuru wa forodha peke yake, hesabu ni 100, kisha 110, kisha 132. Umefuta kodi ya 25 lakini bei imeshuka kwa 33, kwa sababu kodi ilikuwa inatozwa kodi. Kwa hiyo mumeo akikwambia "ushuru uliobaki ni kidogo tu lakini utaleta tofauti kubwa", hajakosea hesabu. Wewe unajua viwango vya kwenu. Fanyeni zoezi hili pamoja, kwa proforma ile ile, muone kiasi anachokisubiri ni kiasi gani hasa.

Mkishakipata, wekeni upande wa pili gharama ya kusubiri. Petroli ya miezi hiyo. Gereji ya gari hilo linalougua. Na kubwa zaidi, nafuu iliyopo kupotea huku ile ya uvumi haijaja. Hapa ndipo ninaposimama upande wako. Nafuu ya sasa, kama muuzaji anasema kweli, imeandikwa kwenye sheria na ina tarehe. Ya mumeo iko mdomoni mwa mtu wa kazini. Singeiacha ya kwanza nikafukuze ya pili. Tena hata nafuu ikija, mara nyingi hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji kuipitisha yote kwa mnunuzi. Kodi ikipungua wapo wanaopandisha bei yao kimyakimya na kugawana na nyinyi bahati hiyo.

Jambo jingine analostahili kulisikia: gari mnalochagua lina bei gani? Historia inaonyesha kwamba serikali ikianza kukata nafuu, kisu huanzia kwenye magari ya bei kubwa. Norway ndiyo shule ya wote. Iliyaondolea magari ya umeme kodi ya ununuzi tangu 1990, ikaongeza msamaha wa VAT mwaka 2001, na ilipofika 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Ilipoanza kurudi nyuma, Januari 2023, ilitoza VAT kwenye sehemu ya bei inayozidi krona 500,000 tu, pamoja na kodi ya uzito. Mwenye gari la kawaida VAT haikumgusa. Marekani nayo, wakati ikitoa nafuu ya dola 7,500, ilifunga mlango kwa magari ya kawaida yanayozidi dola 55,000. Kama proforma yenu ni ya gari la kifahari, basi mnacheza karibu na ukingo. Kama ni gari la wastani, mna nafasi zaidi.

Na mkiwa tayari kutazama gari lililotumika, mjue nafuu ya gari jipya hulivuta chini na la zamani. Mnunuzi wa jipya akisamehewa, mwenye kuuza la mkononi hawezi kuomba bei ya jana. Ndiyo maana hofu ya mumeo ina msingi: nafuu mpya ikija baada ya nyinyi kununua, thamani ya gari lenu itashuka siku hiyohiyo. Ila inauma tu kwa anayeuza mapema. Kama mnalinunua mkae nalo mpaka lichoke, hasara hiyo itabaki kwenye karatasi.

Sasa tuje kwenye sentensi iliyonishtua kuliko zote kwenye barua yako, na hakuna kati yenu watatu aliyeigombania: "gari lenyewe litafuata baadaye". Sheria inahesabu siku ipi? Siku ya kusaini, siku ya kulipa, siku gari linapotoka bandarini, au siku linaposajiliwa? Hapa ndipo watu wameungua. Ujerumani ilikuwa na ruzuku ya kununua gari la umeme, hadi euro 4,500 kutoka serikalini kwa mwaka 2023, na ombi lilikuwa haliwezi kuwasilishwa mpaka gari limeshasajiliwa. Desemba 16, 2023 serikali ikatangaza kwamba maombi yanafungwa usiku wa kesho yake. Walioagiza miezi nyuma na gari halijafika walibaki mikono mitupu, isipokuwa wale ambao viwanda viliamua kuwafidia. Marekani walifanya tofauti. Nafuu ilipokatwa Septemba 30, 2025, mamlaka ya kodi ilisema aliyesaini mkataba unaomfunga na kutoa malipo kufikia siku hiyo anahesabiwa, hata gari likifika baadaye. Nchi mbili, magari yaleyale, na tofauti yote iko kwenye tafsiri ya siku moja.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti ya malipo ya awali, nenda kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato ya kwenu ukasome kifungu chenyewe, au uwaandikie wakujibu kwa maandishi. Uliza mambo haya: nafuu inakwisha lini, ni tukio gani linalohesabika, na bidhaa zilizo njiani zinalindwa au hazilindwi. Soma pia ni magari gani hasa yamo. Sheria nyingi hutenganisha gari lisilotoa moshi kabisa na haibridi ya kuchomeka, ambayo ina betri na ina tangi, na wapo wauzaji wanaozitaja zote kwa pumzi moja. Angalia vilevile kama VAT imesamehewa au imewekwa kiwango cha sifuri. Kwenye kiwango cha sifuri muuzaji anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye gharama zake. Kwenye msamaha harudishiwi, na atairudisha kwako ikiwa imejificha ndani ya bei. Mstari wa VAT kwenye proforma yako unasema sifuri, lakini neno hilo la muuzaji linaweza kumaanisha lolote kati ya hayo mawili.

Kisha rudini kwa muuzaji, nyote wawili, msiende wewe peke yako. Mwambieni aandike mambo mawili kwenye mkataba. Kwanza, gari lisiposajiliwa kabla nafuu haijaisha kwa sababu ya ucheleweshaji wake, kodi itakayoongezeka ailipe yeye au awarudishie malipo ya awali yote. Pili, kodi ikipunguzwa kabla ya usajili, bei ishuke kwa kiasi hicho. Cha kwanza kinakulinda wewe, cha pili ndicho kitakachomlaza mumeo usingizi. Muuzaji anayeamini maneno yake mwenyewe kuhusu tarehe hana sababu ya kukataa. Akikataa, tafuteni mwingine ambaye gari lake limeshafika na liko tayari kusajiliwa, hata kama rangi si ile mliyoitaka.